Neno la Juma: Kikombe Kisichoepushwa

Jambo nililokuwa nimelitayarisha kwa juma hili nimeliweka kando, kwa sababu ya swali nililoulizwa njiani hapa Mwakirunge. Aliyeniuliza ni mama mmoja jirani yangu, mkulima wa mihogo na mahindi, ambaye jina lake nalisitiri kwa heshima yake. Wakati wa masika yaliyopita alizika mtoto wake wa kiume wa miaka minne, aliyekufa kwa homa. Nilipomkuta kando ya njia alikuwa amembeba mgongoni mtoto wake wa pili, na mtoto yule alikuwa akitetemeka kwa baridi ilhali jua lilikuwa kali.

Tulipokwisha kusalimiana nilimwuliza, "Mama, mbona mtoto anatetemeka?"

Akanijibu, "Mwalimu, ana homa tangu juzi. Lakini jana alinipitia mtu mmoja wa dini, akaniambia nisiende zahanati. Amesema nikikimbilia dawa nitakuwa sijamwachia Mungu. Amesema Yesu hakuukimbia msalaba, alijitoa tu. Na yule wa kwanza alipokufa, wenzangu matangani walinikataza kulia, wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Basi nakuuliza wewe uliyesoma: kumwachia Mungu ni kunyamaza na kungoja?"

Mtoto mwenye homa hangoji hotuba. Nilimwambia, "Mama, twende zahanati kwanza, mengine tutazungumza huko." Tukaenda. Lakini pale kwenye benchi, tulipokuwa tukingoja zamu yetu, niliona ya kuwa swali lake si lake peke yake. Ni swali la wakulima ambao mahindi yao yamekauka, la makarani walioachishwa kazi, la wajane, na la kila mtu aliyepata kuomba kwa machozi asipewe alichokiomba. Kwa hiyo nataka nilijibu leo kwa urefu, kwa kadiri ya uwezo wangu.

Tuanze na bustani ya Gethsemane, maana huko ndiko Wakristo wote wanakoelekeza macho wakitaka kujifunza namna ya kumwachia Mungu. Jina hilo maana yake ni mahali pa kukamulia mafuta ya zeituni. Sisi watu wa pwani tunalielewa jambo hilo kwa nazi zetu: nazi haitoi tui mpaka ikunwe na kukamuliwa. Usiku ule Yesu alikamuliwa. Je, alifanya nini?

Kwanza, hakujifanya kuwa hana uchungu. Aliwachukua wanafunzi watatu aliowapenda, akawaambia wazi ya kuwa roho yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakae macho pamoja naye. Tena alianguka kifudifudi akamwomba Baba yake kwamba, ikiwezekana, kikombe kile kimwepuke. Naomba msomaji alitafakari neno hilo. Mwana wa Mungu mwenyewe hakuyapenda mateso, wala hakusema kuwa ni matamu. Aliomba yaondolewe, na hakuomba mara moja tu, bali mara tatu. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aongeza kwamba maombi yake yalitoka kwa kilio kikuu na machozi. Basi ni nani aliyetupa amri ya kumkataza mama kumlilia mwanawe? Yesu huyo huyo alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba baada ya dakika chache angemwita atoke.

Pili, baada ya kusema haja yake yote, aliliacha jibu mikononi mwa Baba. Alisema yafanyike mapenzi ya Baba wala si yake. Hapo ndipo penye kiini cha mambo yote. Mtu ambaye hajasema haja yake hajaacha kitu. Amenyamaza tu, na moyoni mwake huenda mna hasira iliyofunikwa kama makaa chini ya majivu. Lakini aliyeufungua moyo wake wote, akaomba kwa nguvu zake zote, kisha akasema, "Wewe wajua," huyo ndiye aliyemwachia Mungu kweli. Kumwachia Mungu ni tendo la mtoto amwaminiye baba yake, nalo ni mbali sana na woga wa mtumwa mbele ya bwana mkali.

Tatu, na jambo hili aghalabu husahauliwa, baada ya kuomba alisimama. Hakubaki amelala chini. Aliwaamsha wale waliokuwa wamelala, akawaambia wainuke waende. Hata msalabani, katika saa ya maumivu makali, alimkumbuka mama yake akamkabidhi kwa mwanafunzi wake amtunze. Kwa hiyo kujitoa kwake hakukumfanya asahau wajibu. Kulimpa nguvu za kuutimiza.

Sasa nirudi kwa yule mtu wa dini aliyesema kwamba Yesu hakukimbia. Maneno hayo ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli yaweza kuua kama uwongo mzima. Someni Injili vizuri. Watu wa Nazareti walipotaka kumtupa kutoka ukingo wa kilima, aliwaponyoka akaenda zake. Walipookota mawe wampige hekaluni, alijificha. Wakati mmoja aliepuka kutembea Uyahudi kwa kuwa walitaka kumwua huko. Aliwaagiza wanafunzi wake kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Na Shetani alipomshawishi ajitupe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa, akasema haifai kumjaribu Mungu. Yesu hakuitafuta mauti. Aliikubali saa moja tu, saa ile ambayo kuikimbia kungekuwa ni kuiacha kazi aliyotumwa.

Tena, tangu mwanzo wa kazi yake hata mwisho, hakumwambia mama yeyote aliyemletea mtoto mgonjwa kwamba amrudishe nyumbani akangoje mapenzi ya Mungu. Aliwaponya. Na alipomfufua binti wa Yairo, neno aliloagiza mara moja ni kwamba binti yule apewe chakula. Neno dogo, lakini lina hekima kubwa! Aliyeweza kumrudishia mtu uhai kwa neno moja hakudharau uji wa nyumbani. Mtume Paulo naye alisafiri pamoja na Luka, ambaye alikuwa tabibu, na alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Haya yote yamo katika Kitabu hicho hicho ambacho yule mtu alikuwa amekishika kwapani.

Wasomaji wetu Waislamu nao watanielewa vema, kwa kuwa wamefundishwa ya kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu.

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya zamani na ya mbali." Basi natoa mfano wa hapa petu, ambao kaburi lake laweza kuonekana hata leo. Ukitoka Mwakirunge ukaelekea kusini hata Nyali, mkabala wa kisiwa cha Mvita, utakuta kaburi la mwanamke aliyeitwa Rosine Krapf. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810 karibu na Tübingen, akatumwa Afrika na shirika la Waingereza liitwalo Church Missionary Society. Walikuwa wamekwisha kuonja msiba kabla ya kufika Mombasa. Katika safari zao za Uhabeshi, binti yao wa kwanza alizaliwa nyikani, akafa siku ile ile, wakamzika njiani. Walimpa jina ambalo kwa lugha ya huko maana yake ni chozi.

Mwezi wa Mei mwaka 1844 walifika kukaa Mombasa, wakiwa na barua ya Sultani Seyyid Said wa Unguja. Tarehe 8 Juni Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa. Mwezi mmoja haukupita sana, homa iliwashika wote wawili. Mwanzoni mwa Julai, katikati ya homa hiyo, Rosine alijifungua binti. Tarehe 13 Julai alifariki. Siku chache tu baadaye na mtoto alimfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa ile ile. Mtu huyu alikuwa mgeni katika nchi, hana ndugu, na nyumba yake ilikuwa tupu.

Kabla ya kufa Rosine alitaka azikwe upande wa bara, katika nchi ya watu walioitwa Wanyika zamani zile, ambao leo twawaita Wamijikenda, ili wapita njia wakiliona kaburi lake wakumbuke sababu iliyowaleta wao katika nchi hii. Naye Krapf, alipopata nguvu za kushika kalamu, aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi katika Afrika ya Mashariki, na kwamba jambo hilo liwe kwao dalili ya kuwa kazi imeanza. Hakuandika kama mtu asiyeumia. Aliandika kama mtu aliyeumia, akamwachia Mungu maumivu yake, akainuka.

Na kweli aliinuka. Alirudi kwenye lugha yetu, neno kwa neno. Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao walihamia Rabai, kwenye vilima vile ambavyo kwetu viko upande wa machweo, wote wawili wakiwa dhaifu kwa homa. Miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa kwa kazi yao alikuwa Mringe, mtu maskini na kilema, ambaye alifariki muda mfupi baada ya ubatizo wake. Rebmann naye alionja kikombe chake: alimzika mkewe mwaka 1866, macho yake yakapofuka, na hata hivyo hakuondoka mpaka mwaka 1875. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Sisi tuandikao Kiswahili kwa herufi za Kirumi, hata makarani maofisini, tunafuata njia ambayo yeye alikuwa mmoja wa walioifyeka mwanzo.

Lakini nawasihi msinielewe vibaya. Sisemi kwamba Mungu alimwua Rosine ili kamusi ipatikane. Maneno ya namna hiyo husemwa mara nyingi matangani, nayo ni ukatili uliovikwa nguo ya dini. Wala mimi sijui kwa nini kikombe cha mtu mmoja huepushwa na cha mwingine hakiepushwi. Niyajuayo ni haya: ya kuwa Krapf hakuitafuta homa, ya kuwa kama angalijua kinga yake angaliitumia. Wakati ule hakuna mtu duniani aliyejua ya kuwa malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilianza kuthibitika mwaka 1897, Ronald Ross alipoviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India. Laiti chandarua na dawa za leo zingalikuwako Mombasa mwaka 1844, nani awezaye kusema kwamba kuvikataa kungalikuwa ni imani?

Sisi tunavyo. Tuna vyandarua, tuna vipimo vya damu vinavyotoa jibu kwa dakika chache, tuna dawa. Hata chanjo ya malaria imepatikana, na majaribio yake yalifanywa pia jirani yetu Kilifi. Tangu mwaka 2019 ilianza kutolewa kwa watoto katika sehemu za magharibi ya Kenya. Maarifa hayo yametoka kwa nani, kama si kwa yeye aliyempa mwanadamu akili? Mtu azamaye akikataa kamba aliyotupiwa, akisema anamngoja Mungu, huyo hajamwachia Mungu. Amemkataa mjumbe wake.

Sababu ya kulisema jambo hili kwa ukali ni kwamba pwani yetu imekwisha kulipa kwa damu. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, yalianza kufukuliwa makaburi ya watu walioambiwa kwamba wakifunga chakula mpaka wafe watakutana na Yesu. Walikuwa wamefundishwa pia kuziacha shule na hospitali. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Madaktari walikuta kwamba wengi walikufa kwa njaa, na wengine walionyesha dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Haya hayakutokea katika nchi ya mbali, bali hapa hapa pwani, kaskazini yetu. Waliokufa walikuwa watu wa Kenya kama sisi, na wengi wao walitaka kumpendeza Mungu tu.

Basi tufanye nini ili tuitambue njia ya Yesu na kuitenga na njia ile? Natoa vipimo vitatu, ambavyo hata asiyesoma vitabu vingi aweza kuvitumia.

Kipimo cha kwanza: nani anayebeba mzigo? Yesu alijitoa mwenyewe. Hakumtoa mtu mwingine. Askari walipokuja bustanini aliwaambia wawaache wanafunzi wake waende zao. Anayekutaka umtoe mtoto wako, au akutakaye ufe wewe ilhali yeye anakula, hafuati nyayo za Yesu hata akitaja jina lake mara mia.

Kipimo cha pili: je, kweli yasemwa? Mahali ambapo mtu hukatazwa kulia, kuuliza, kwenda kwa daktari au kuzungumza na jamaa zake, hapo pana mtego. Gethsemane hapakuwa na siri. Yesu aliwataka rafiki zake wawe karibu, na aliumia walipolala.

Kipimo cha tatu: je, baada ya sala mtu huinuka? Sala ya kweli humrudisha mtu kwenye wajibu wake. Kwa hiyo maneno "mapenzi ya Mungu" yasigeuzwe kifuniko cha mambo ambayo sisi wenyewe twaweza kuyatengeneza. Hapa Mwakirunge panapomwagwa taka za mji, tusiseme kuwa moshi na harufu ni kikombe tulichopewa na Mungu. Kisima kichafu, madimbwi ya mbu, mtoto asiyepelekwa shule, haya ni kazi tuliyopewa tuifanye. Tuyaombee, kisha tuitishe mkutano, tuandike barua, tushike majembe. Lakini yako mambo mengine ambayo hata tukifanya yote hayaondoki: kifo kilichokwisha kutokea, maradhi yasiyo na dawa, uzee, rafiki aliyetuacha. Hapo ndipo sala ya bustanini ilipo na mahali pake. Hapo twaweza kusema kwa machozi, bila aibu, "Baba, nilitaka lingine, lakini mimi ni wako." Naye asemaye hivyo hayuko peke yake, maana yuko aliyemtangulia kusema.

Namalizia na habari za jirani yangu. Damu ya mtoto ilipimwa, ikaonekana ana malaria. Alipewa dawa, na siku ya nne nilimwona uani akimfukuza kuku. Mama yake alicheka, kisha pale pale akalia, kwa sababu alimkumbuka yule wa kwanza. Safari hii sikumwambia anyamaze. Nilikaa naye chini ya mwembe mpaka alipojifuta macho. Akaniambia, "Mwalimu, nimemwambia Mungu yote, hata yale mabaya niliyokuwa nikiyafikiri juu yake. Sikupigwa na radi." Nikamjibu, "Mama, Mungu anazipenda sala za namna hiyo kuliko tunavyodhani."

Kisha akatwaa jembe lake akaenda kupalilia mihogo, kwa kuwa mvua ilikuwa karibu.

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Faraja hiyo haiji kwa saa tuitakayo sisi. Lakini tunapoingoja, tulie kwa uhuru, tuwapeleke wagonjwa wetu hospitali, tumkumbuke jirani aliyefiwa baada ya watu kuondoka matangani, na kila usiku tuyaweke mikononi mwa Mungu yale ambayo mikono yetu imeshindwa kuyabeba.

Wasalaam, mpaka juma lijalo.